Lignini kwenye mabua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji na wanafunzi wa Malindi

Kiangazi kikibana, kuanzia Januari hadi mvua ya mwaka inapoanza, mabua ya mahindi na mtama ndiyo yanayowavusha ng'ombe na mbuzi wa Langobaya, Ganda, Goshi na Magarini. Hapo ndipo maswali haya huanza kumiminika: mengine ya wafugaji waliopokea karatasi ya maabara wasiyoielewa, mengine ya wanafunzi waliopewa mradi wa kupima lignini na hawajui pa kushika. Nimeyapanga jinsi yanavyokuja, si kwa uzito wake. Mwenye haraka asome lile la maabara mbili zenye majibu mawili, maana hilo ndilo linalowatia watu hasara.

Lignini ni kitu gani, na iko wapi ndani ya bua?

Bua limejengwa kwa vitu vitatu vikubwa: selulosi, hemiselulosi na lignini. Selulosi ni minyororo mirefu ya glukosi. Hemiselulosi nayo ni sukari zilizofungamana, hasa zailosi, na huizunguka selulosi. Lignini si sukari kabisa. Ni mtandao wa fenoli, kemikali zenye pete za kaboni, uliojipenyeza katikati ya hivyo viwili ukagandia humo. Anayezijua nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu atanielewa upesi: selulosi ndiyo boriti, lignini ndiyo chokaa iliyoziba kila upenyo.

Mmea huitengeneza kwa kuunganisha alkoholi tatu za fenoli, na zikishaingia kwenye mtandao wanakemia huziita kwa herufi H, G na S. Msonobari una G karibu tupu. Miti ya majani mapana, mikoko ikiwemo, ina G na S. Nafaka zina zote tatu, ingawa H ni kidogo. Tena nafaka zina jambo lao la peke yake: asidi ya feruliki, ambayo hukaa kama daraja, upande mmoja imeshika hemiselulosi na upande wa pili imeshika lignini. Lishike hilo daraja, tutalihitaji kwenye swali la urea.

Mmea hauifanyi kazi hiyo bure. Bila lignini muhindi hausimami kwenye upepo wa kusi, na mirija inayopandisha maji ingesinyaa na kuvuja.

Ng'ombe wangu anakula mabua kutwa na mbavu bado zinahesabika. Ni lignini hiyo?

Kwa sehemu. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja selulosi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wanaoishi kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza. Vijidudu hao huvunja selulosi na hemiselulosi vizuri sana wakizifikia, lakini lignini imewazibia njia. Wao wenyewe hawawezi kuivunja kwa kiasi cha maana, kwa sababu vimeng'enya vinavyopasua lignini huhitaji oksijeni, na ndani ya rumeni oksijeni hakuna. Kwa hiyo lignini huingia mdomoni na kutoka kwenye kinyesi karibu vilevile ilivyoingia, na hupita na sukari iliyoikumbatia.

Lakini kabla hujailaumu lignini, tazama protini. Mabua makavu ya mahindi kwa kawaida yana protini ghafi ya asilimia 3 hadi 5 hivi, na vijidudu wa rumeni huhitaji kama asilimia 7 ili wafanye kazi sawasawa. Wakiwa na njaa ya naitrojeni, hata ile selulosi iliyo wazi hawaimalizi. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe huona ameshiba, na mwili unakwisha. Mara nyingi mfugaji huja ameshika namba ya lignini, ilhali dawa yake ni lusina, majani ya kunde au mashudu ya pamba kidogo juu ya mabua yaleyale.

Na punda?

Swali hili hutoka Lamu, na lina haki yake. Punda hacheui wala hana rumeni. Uchachushaji wake hufanyika nyuma, kwenye utumbo kipofu na utumbo mpana, baada ya chakula kupita sehemu ya kunyonya protini. Hustahimili majani makavu kuliko farasi, na ndiyo maana anaishi kwenye mji ambako nyasi ni za kutafuta. Ila kizuizi ni kilekile: lignini haivunjwi huko nyuma pia. Mabua yaliyotiwa urea usimpe punda. Yameandaliwa kwa wanyama wanaocheua.

Nilipeleka mabua yaleyale kwenye maabara mbili. Moja imesema lignini ni asilimia 6, nyingine asilimia 17. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo. Karibu kila anayepima lignini mara ya kwanza hukwama hapa.

Lignini haina kipimo kimoja kama uzito au joto. Hakuna chombo unachochovya kwenye bua kikakwambia "lignini ni kiasi hiki". Tunachofanya ni kuondoa vitu vingine vyote kwa kemikali na kupima kilichobaki, au kuiyeyusha lignini na kupima inavyofyonza mwanga. Kila njia hubakisha au hupoteza kitu tofauti. Basi "lignini" kwenye karatasi ya majibu ni jina la kilichobaki baada ya hatua fulani, na hatua zikibadilika namba inabadilika.

Njia mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ya kwanza huandikwa ADL, kifupi cha Kiingereza cha lignini inayobaki baada ya sabuni ya asidi. Ilitokana na kazi ya Peter Van Soest, aliyekuwa Beltsville, Maryland, nchini Marekani, miaka ya 1960. Alikuwa akitafuta kipimo cha chakula cha mifugo kilicho bora kuliko "nyuzi ghafi", kipimo kilichotoka Weende, Ujerumani, tangu miaka ya 1860, ambacho hupoteza sehemu kubwa ya lignini na hemiselulosi bila kusema. Katika ADL bua huchemshwa kwanza ndani ya sabuni yenye asidi, kisha mabaki hulowekwa kwenye asidi ya salfariki ya asilimia 72.

Ya pili ni ya Klason, kwa jina la Peter Klason, mkemia wa Uswidi, na ina zaidi ya miaka 100. Humo hakuna kuchemsha na sabuni kwanza. Bua huingia moja kwa moja kwenye asidi kali ya asilimia 72, kisha asidi huongezwa maji na mchanganyiko huchemshwa. Ilibuniwa kwa ajili ya mbao.

Tofauti inatokea wapi? Kwenye ile hatua ya sabuni. Lignini ya mbao haitikisiki sana kwa asidi nyepesi inayochemka. Ya nafaka, kwa sababu ya zile asidi za fenoli, kama ile ya feruliki, zinazoishikanisha na hemiselulosi, sehemu yake huyeyuka na kumwagwa na maji ya sabuni kabla hujafika kwenye kupima. ADL basi husema kidogo. Klason kwa upande wake huibakisha hiyo, lakini na protini kidogo huweza kuganda kwenye mabaki na kuhesabiwa kuwa lignini. Kwa majani na nafaka, Klason kutoa namba mara mbili hadi nne ya ADL ni jambo la kawaida. Mabua makavu ya mahindi huweza kusoma asilimia 4 hadi 8 kwa ADL, na 12 hadi 20 kwa Klason, na yote mawili yakawa yamefanywa kwa uangalifu.

Ukipewa namba ya lignini bila jina la njia, irudishe uombe jina la njia. Na usilinganishe mabua ya mwaka huu yaliyopimwa kwa Klason na ya mwaka jana yaliyopimwa kwa ADL, halafu ukasema mbegu imeharibika. Nimeona mtu akitaka kuacha mbegu nzuri ya mtama kwa sababu hiyo tu.

Sawa. Basi ADL inapimwaje, hatua kwa hatua?

Unasaga bua kavu lipite kwenye chekecheke la milimita 1. Unapima gramu 1 hivi, mizani ikisoma hadi tarakimu ya nne baada ya nukta. Sehemu nyingine ya unga huohuo unaikausha kwenye oveni ya nyuzi joto 105 ili ujue unyevu wake.

Ile gramu 1 unaichemsha kwa saa 1 kwenye sabuni ya asidi: gramu 20 za CTAB, ndiyo sabuni yenyewe, kwa kila lita ya asidi ya salfariki ya nusu molari. Protini, wanga na hemiselulosi huondoka. Unachuja kwenye kikombe cha kioo chenye chujio chini, unaosha kwa maji ya moto hadi asidi iishe, kisha kwa asetoni hadi rangi iishe. Kilichobaki ni ADF, yaani selulosi, lignini na madini yasiyoyeyuka.

Sasa asidi ya asilimia 72. Unaimimina ndani ya kikombe kilekile ifunike mabaki, unakoroga kwa kijiti cha kioo hadi mabonge yavunjike, na kwa saa 3 unakoroga tena na kuijaza kila inapopungua. Hapa utaona unga wa manjano ukigeuka hudhurungi, halafu mweusi. Selulosi inayeyuka na kushuka, lignini inabaki. Unafyonza asidi, unaosha kwa maji ya moto hadi karatasi ya litmasi isibadilike, unakausha nyuzi 105, unapima. Kisha unaingiza kikombe kwenye tanuru la nyuzi 500 hadi 550, mabaki yaungue, na unapima tena. Kilichoungua ndicho ADL. Kilichobaki ni majivu.

Mfano wa hesabu tu. Sampuli gramu 1.0000, ukavu asilimia 90, kwa hiyo uzito mkavu ni 0.9000. Kikombe kitupu 32.4150. Baada ya asidi na oveni, 32.5010. Baada ya tanuru, 32.4380. Kilichoungua ni 0.0630. Gawa kwa 0.9000 unapata asilimia 7.0. Ungesahau tanuru ungegawanya 0.0860 na ungeandika asilimia 9.6. Hizo 2.6 za ziada ni madini, wala si lignini.

Mizani yangu haitulii. Namba inapanda tu.

Karibu pwani. Kikombe kilichotoka kwenye oveni ni kikavu kuliko hewa ya Malindi, na mabaki ya lignini hunywa unyevu mbele ya macho yako. Ukikaa ukitazama tarakimu ya mwisho, utaona ikipanda, halafu ya kabla yake nayo ikisogea. Ukipima kikiwa bado cha moto, hewa inayopanda kutoka kwenye kikombe hukiinua kidogo na mizani husoma pungufu. Kwa hiyo unapambana na mambo mawili yanayovuta pande mbili.

Dawa ni utaratibu. Vikombe vipoe ndani ya chombo kinachofungwa chenye jeli ya silika, muda uleule kila mara, tuseme nusu saa. Jeli ikipoteza rangi yake ya ukavu irudishwe kwenye oveni. Usifungue chombo ukakiacha wazi huku ukitoa vikombe kumi. Toa kimoja, funga, pima, andika. Chukua usomaji ndani ya sekunde zilezile kila mara. Ukiacha mabaki yakanywa miligramu 5 za maji kwenye mfano wetu hapo juu, umeongeza karibu asilimia 0.6 kwenye jibu. Tofauti kati ya mbegu mbili za mtama huweza kuwa ndogo kuliko hiyo.

Na Klason?

Kwa utaratibu unaotumika sana siku hizi, unachukua miligramu 300 za unga, unatia mililita 3 za asidi ya asilimia 72, unaweka kwenye maji ya nyuzi 30 kwa saa 1 ukikoroga kila baada ya dakika chache. Kisha unaongeza mililita 84 za maji ili asidi ishuke hadi asilimia 4, na unatia chupa iliyofungwa kwenye otoklevu, yaani chungu cha mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, saa 1. Unachuja, unakausha, unapima, unachoma, unapima.

Mambo mawili watu huyaruka. Kwanza, unga uoshwe kabla kwa maji na kwa ethanoli, la sivyo sukari, nta na rangi za majani huungana na kuhesabiwa. Pili, sehemu ya lignini huyeyuka kwenye asidi. Hiyo hupimwa kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, kwenye miale ya urujuanimno, kisha hujumlishwa. Kwenye mbao za msonobari kiasi hicho ni kidogo na wengi hukiacha. Kwenye nafaka usikiache.

Asidi ya asilimia 72 naweza kuichanganya mwenyewe?

Kama hukufundishwa mbele ya mtu, hapana. Asidi huingia kwenye maji, taratibu, chombo kikiwa ndani ya beseni la barafu. Kamwe usimimine maji kwenye asidi kali, hutibuka na kuruka usoni. Miwani, glavu, aproni. Na asidi ikishachanganywa ithibitishwe: kwa nyuzi 20, uzito wa mililita 1 uwe karibu gramu 1.63. Ikiwa nyepesi, selulosi haitaisha na utaihesabu kama lignini.

Majani ya mpunga yananipa majivu mengi mno. Nimeharibu?

Hapana. Mpunga hunyonya silika udongoni na kuijenga kwenye ngozi ya jani, ndiyo maana jani lake hukata kidole. Majivu ya majani ya mpunga huzidi asilimia 10 ya uzito mkavu bila shida, na mengi ni silika, ambayo sabuni ya asidi haiiondoi. Wanaoleta mpunga wa Delta ya Tana hushtuka wakiona kikombe kimetoka kwenye tanuru na unga mweupe umekaa chini. Ndivyo inavyotakiwa. Kwenye mpunga hatua ya tanuru hairukwi kwa hali yoyote. Tena kwa mpunga, silika ni kizuizi cha mmeng'enyo pamoja na lignini, kwa hiyo jani lenye lignini ndogo si lazima liwe chakula kizuri.

Nichukue sampuli vipi shambani?

Usichukue lile bua zuri lililo juu ya lundo. Vuta mabua kutoka pande zote na katikati, yakate vipande vya vidole viwili, changanya kwenye turubai, gawa mafungu manne, tupa mawili ya kukabiliana, changanya tena, hadi ubaki na kama nusu kilo. Ukiweza, tenga majani na shina na upime mbali mbali. Shina lina lignini zaidi, na ng'ombe mwenye nafasi ya kuchagua hula majani akaliacha shina, kwa hiyo namba ya bua zima haielezi anachokula.

Lundo lililonyeshewa au lililoota kuvu ni hadithi nyingine. Mvua huosha sukari nyepesi, kuvu hula zilizobaki, na lignini ikabaki palepale. Asilimia yake itapanda bila bua kutengeneza lignini hata chembe. Na mabua yenye kuvu, ukiacha habari za lignini, usiwape wanyama.

Naweza kukausha upesi kwa nyuzi 100?

Kwa sampuli ya lignini, la. Ukivuka nyuzi 60 hivi na bua bado ni bichi, sukari na protini hushikana na kuwa kitu cheusi kisichoyeyuka kwenye asidi. Kitapimwa kuwa lignini. Kausha kwa nyuzi 55 hadi 60, siku mbili, ukiwa umetandaza kwa wembamba. Zile nyuzi 105 ni za kujua unyevu tu, kwa unga mwingine utakaoutupa.

Kuna njia ya asetili bromidi. Ni bora?

Kwa utafiti wa ukuta wa seli, ndiyo, watu wengi wanaipendelea. Lignini yote huyeyushwa kwenye asidi asetiki yenye asetili bromidi ya asilimia 25, kisha husomwa kwenye nanomita 280. Unahitaji unga kidogo sana, na protini haikusumbui kama kwenye Klason. Ubaya wake ni kwamba unahitaji namba ya ufyonzaji inayofaa mmea wako, na kuchukua ya msonobari ukaitumia kwenye mtama ni kujidanganya kwa tarakimu nyingi. Halafu asetili bromidi hugombana vikali na maji, hata ya hewani. Kwenye maabara isiyo na kabati la kuvutia moshi sitakushauri uifungue chupa hiyo.

Tuko shule ya sekondari. Hatuna tanuru wala otoklevu. Kuna la kufanya?

Lipo, na ni zuri kwa macho. Kata kipande chembamba sana cha bua kwa wembe, weka tone la floroglusinoli, kemikali ya kutambua lignini, iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, kisha tone la asidi ya hidrokloriki. Baada ya dakika chache palipo na lignini panageuka wekundu wa damu ya mzee. Chini ya hadubini utaona duara za mirija na ukingo wa nje zimewaka, na katikati penye sponji pakibaki hafifu. Jaribio hili lilitolewa na Wiesner, mtaalamu wa mimea wa Austria, mwaka 1878. Halikupi asilimia, lakini linakuonyesha lignini imekaa wapi, jambo ambalo ADL haiwezi. Jaribuni bua bichi la wiki chache na la siku ya kuvuna, sambamba. Mwalimu ndiye ashike asidi.

Wanaosema wanapima kwa mwanga tu, bila kemikali, ni wakweli?

Wanasema kweli, kwa masharti. Miale ya infraredi ya karibu hupigwa kwenye unga na mashine hukisia lignini, protini na mengineyo kwa dakika chache. Lakini mashine imefundishwa kwa sampuli zilizopimwa kwanza kwa asidi. Ikiwa ilifundishwa kwa nyasi za nchi baridi, na wewe umeleta mtama wa Goshi, inakisia nje ya ilichojifunza. Uliza imefundishwa kwa mimea gani, na kwa ADL au Klason.

Urea inaondoa lignini?

Haiondoi, na hapa wauzaji wa maneno wamewachanganya watu sana. Ukipima ADL kabla na baada ya kuloweka, huenda usione tofauti ya maana. Kinachotokea ni kwamba urea hugeuka amonia, amonia ni besi, yaani kinyume cha asidi, na besi hukata lile daraja la asidi ya feruliki nililolitaja mwanzo. Lignini ipo, lakini imeachia mkono. Vijidudu sasa wanapata mlango wa kuingilia kwenye sukari, na juu yake wanapata naitrojeni waliyoikosa.

Kipimo cha kawaida ni kilo 4 hadi 5 za urea kwenye lita 50 za maji kwa kila kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa. Nyunyizia tabaka kwa tabaka, kandamiza, funika kwa nailoni isiyopitisha hewa, na kwa joto la huku wiki 2 hadi 3 zinatosha. Fungua na uache siku nzima harufu ipungue kabla ya kulisha. Ndama ambao rumeni zao hazijakomaa, walio chini ya miezi 6, wasipewe. Na gunia la urea liwekwe mbali na mifugo: ng'ombe akiilamba kavu au akiinywa kwenye maji huweza kufa siku hiyohiyo.

Wazo la besi si geni. Ernst Beckmann wa Ujerumani aliloweka majani ya ngano kwenye sodiamu haidroksidi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, chakula cha mifugo kilipokuwa adimu. Yake ilifanya kazi vizuri, ila iliacha maji machafu mengi mno ya kuosha.

Uyoga je? Nimeambiwa unaila lignini.

Kweli, na ndio wenye ujuzi huo. Kuvu wanaoozesha mbao zikabaki nyeupe, pamoja na uyoga wa jamii ya Pleurotus unaooteshwa kwenye mifuko ya mabua, hutoa vimeng'enya vinavyopasua lignini kwa kutumia oksijeni. Kimojawapo kilitangazwa mwaka 1983 baada ya kupatikana kwa kuvu aitwaye Phanerochaete chrysosporium. Tatizo ni kwamba uyoga nao unakula: ukiondoa lignini unaondoa na selulosi, na kilo za mabua zinapungua. Ukiuza uyoga, mabaki ni ziada ya kujaribu. Ukiotesha kwa ajili ya ng'ombe peke yake, hesabu hunikatalia.

Kuna mbegu zenye lignini kidogo?

Zipo. Mwaka 1924 huko Minnesota iligunduliwa mahindi yenye ushipa wa hudhurungi katikati ya jani. Baadaye ilijulikana kuwa njia yao ya kutengeneza lignini ina hitilafu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipata mtama wa namna hiyo kwa kubadilisha mbegu kwa kemikali. Wanyama huumeng'enya vizuri zaidi. Lakini shina legevu huanguka, na kwa mkulima wa Magarini anayelima kwanza kwa ajili ya ugali, mahindi yaliyolala chini kabla ya kuvuna ni msiba. Kwa mwenye mashamba mawili matatu ya ekari, faida kubwa huja kwa kitu rahisi: kukata mabua mara tu mahindi yakishavunwa, badala ya kuyaacha yamesimama juani mwezi mzima hadi majani yote yapukutike na kubaki shina.

Makumbi ya nazi yanaweza kuchanganywa kwenye chakula cha mbuzi?

Usijisumbue. Usumba una lignini ya asilimia 40 na zaidi, kuliko mbao nyingi. Ndiyo sababu kamba yake huvumilia maji ya chumvi. Itandaze kwenye vitalu vya miche.

Na mtambo wa gesi ya kinyesi? Nikiweka mabua?

Ndani ya mtambo nako hakuna oksijeni, kwa hiyo lignini itabaki na itaelea juu kwenye utando mgumu. Kinyesi kwanza, mabua kidogo, yaliyosagwa.

Nianzie wapi kuuliza nikiwa Malindi?

Kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Mtwapa na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, ni pa kuanzia kuuliza kabla hujafikiria Nairobi. Piga simu kwanza. Uliza mambo matatu: wanatumia njia gani ya lignini, wanapima kila sampuli mara ngapi, na majibu ni kwa uzito mkavu au uzito kama ulivyoletwa. Sampuli iliyopimwa mara moja tu usiilipie kana kwamba imepimwa mara mbili.

Nina pesa ya kipimo kimoja. Nichague kipi?

Kama wewe ni mfugaji, usichague lignini. Omba mmeng'enyo wa maabara, ambapo unga wa bua huwekwa kwenye chupa pamoja na maji ya rumeni ya ng'ombe hai. Njia ya Tilley na Terry ya mwaka 1963 huacha vijidudu wafanye kazi saa 48, kisha pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, na asidi saa 48 nyingine, na hupima kilichopotea. Hiyo inakujibu ulichotaka kujua tangu mwanzo: katika kilo niliyompa, amepata ngapi? Ikiwa kipimo hicho hakipatikani, chukua protini ghafi. Lignini iwe ya tatu, na uiombe ukiwa na mabua mawili ya kulinganisha, yamekatwa siku moja, yamepimwa kwenye maabara moja, kwa njia moja.